Ukumbi wa Bi Mwalimu: Nani alikuwa akianika katani?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wanafunzi waliopewa kazi mradi ya Historia, au kwa wazazi wao. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana yamo ndani yake makosa mawili niliyokutana nayo kila mwaka kwa miaka 31 niliyoshika chaki hapa Tanga: mada iliyomzidi mwandishi wake kimo, na shahidi mzuri aliyeachwa jikoni.

Shikamoo Bi Mwalimu. Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiswahili, hapa Tanga mjini. Mwalimu ametupa kazi mradi ya kurasa 15, tuikabidhi baada ya wiki nane. Nimechagua "Historia ya Mkonge Tanzania". Nimeshaandika kurasa tisa kutoka kwenye intaneti na bado sijafika Uhuru. Rafiki yangu ananishauri nimalizie kwa programu ya akili mnemba. Bibi yangu mzaa baba aliishi kambi ya mkonge tangu usichana wake, lakini hajasoma, kwa hiyo sidhani kama anafaa. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Nianze na bibi yako, maana ndiye aliyenifanya niichague barua yako.

Hukuulizwa bibi alisoma hadi darasa la ngapi. Umeulizwa yaliyotokea. Yeye alikuwepo, wewe hukuwepo, mimi sikuwepo, na walioandika hizo kurasa ulizonakili wengi wao hawakuwepo. Mtu aliyeishi kambini ni chanzo cha kwanza, sawa na daftari la karani wa shamba. Chanzo kinaweza kusahau, kinaweza kukosea, kinaweza hata kuficha, na daftari la karani nalo lina hayo yote. Kazi yako ni kukipima, na huwezi kukipima usipokwenda kukisikiliza.

Sasa hizo kurasa tisa. Usizitupe, zikamue zibaki aya mbili. Aya ya kwanza: mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, mmea wenyewe asili yake Mexico. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Aya ya pili: kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani, kisha kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Basi. Hayo kila mwanafunzi wa darasa lako anayo, na mwalimu wako atayasoma mara arobaini usiku mmoja. Hakuna ukurasa wa kumi utakaomwamsha.

Tatizo lako ni kwamba umechagua mada, hujauliza swali. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia hivi: swali la kazi mradi liwe lile unaloweza kulifikia kwa daladala. "Mkonge Tanzania" hulifikii kwa daladala. "Mkonge Tanga" pia ni pana, mkoa mzima huo. Kambi aliyokaa bibi yako unaifikia. Kazi aliyoifanya pale kambini unaifikia hata bila nauli, ukikaa naye barazani baada ya swala ya alasiri.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kalamu, muulize jambo moja tu: "Bibi, pale shambani wewe ulikuwa unafanya nini?" Labda atakwambia alikuwa akianika katani, yaani singa za mkonge. Nalitaja hili kwa sababu wanawake wengi wa kambini walilifanya: majani yakishapita kwenye mashine iliyoitwa korona na kutolewa nyama yake, singa mbichi zilibebwa zikatandazwa kwenye nyaya juani, zikauke na kuwa nyeupe kabla ya kwenda kwenye mashine ya brashi. Ikiwa ndivyo, swali lako limezaliwa: *Kati ya Uhuru na Azimio la Arusha, nani walikuwa wakianika katani katika shamba hilo, na walilipwaje?* Lina mahali, lina muda, lina watu, na jibu lake huwezi kulikuta limeandikwa mahali popote ukalinakili. Itabidi ulitafute.

Tena ni swali zito, usilione dogo. Mwanamume aliyeletwa mkongeni alikuwa na maandishi nyuma yake. Wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuajiri vibarua mwaka 1944, ikiitwa SILABU, iliyowakusanya watu kutoka mbali, Kigoma na nyanda za Njombe wakiwemo, ikawaleta huku. Waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Walikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Namba, kadi, saini ya karani: mwanahistoria ana pa kushika. Je, mke aliyemfuata mumewe alikuwa na kipande chake? Alilipwa yeye mkononi, au siku zake ziliingia kwenye kadi ya mume? Posho ilipimwa kwa mmoja au kwa wawili? Sikujibu, kwa sababu jibu la kambi moja huenda lisiwe la kambi ya pili. Nenda kaulize.

Kuhusu kuuliza kwenyewe, hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama, na zaidi ya alama, hupoteza ushahidi.

Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka wowote ili akuridhishe, nawe utauandika kama kweli. Mzee hupima maisha yake kwa watoto na kwa mambo makubwa yaliyomkuta. Andaa karatasi yenye hayo mambo: Uhuru, Desemba 1961. Maasi ya wanajeshi, Januari 1964. Azimio la Arusha, Februari 1967. Kuuawa kwa Mzee Karume, Aprili 1972. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, katikati ya miaka ya sabini. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Halafu uliza: "Bibi, Uhuru ulikukuta umeshaolewa? Baba mkubwa alikuwa ameshazaliwa? Shamba lilipochukuliwa na serikali, mlikuwa bado kambini au mmeshahamia mjini?" Ukiunganisha majibu matatu ya namna hiyo, mwaka unajitokeza wenyewe, na unaweza kumweleza mwalimu umeupataje.

Usiingie na maswali 40 ukayasoma moja moja kama hojaji ya sensa. Nenda na sita. Muache amalize. Akitoka nje ya njia akakusimulia ugomvi wa kisimani, mfuate, kwani pale kisimani ndipo utakapojua Waha walikaa upande gani wa kambi na Wabena upande gani, na nyapara aliyekuwa akiwasimamia alitoka wapi. Muulize kama amehifadhi chochote: picha, kadi, kibuyu, khanga ya zamani iliyofungwa sandukuni. Kitu kikishikwa mkononi hufungua maneno ambayo swali halifungui. Na umwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi. Ni bibi yako, lakini maneno ni yake.

Usiku uleule, andika. Si kesho. Mwaka 1984 nikiwa chuoni nilikwenda kumhoji mama mmoja mtu mzima, upande wa Korogwe, aliyewahi kufanya kazi mkongeni kabla ya vita vya Hitla. Nilikaa naye tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilikuwa na daftari, nikaandika vidokezo tu, nikisema nitavijaza nikirudi bwenini. Mitihani ikaingia, nikaahirisha wiki, nikaahirisha mwezi. Nilipofungua daftari nilikuta mistari sita ninayoweza kuielewa. Mmoja unasema "wimbo wa korona, beti 3". Wimbo wenyewe sikuuandika. Niliporudi kwake nilikuta matanga yameshaanuliwa. Wimbo ule nimeutafuta kwa watu wengine tangu siku hiyo, na sijaupata.

Bibi peke yake hatoshi. Tafuta mtu wa pili wa kambi ileile, asiye ndugu yenu, na ikiwezekana wa tatu aliyekuwa upande mwingine wa meza: karani, nyapara, dereva wa treni ndogo ya shamba. Uliza yaleyale sita. Wakipishana, usichague unayempenda. Andika wamepishana wapi, na ueleze unadhani ni kwa nini. Nyapara na mwanikaji hawakuiona siku moja kwa jicho moja, na aya utakayoiandika juu ya tofauti hiyo itakuwa bora kuliko zote.

Kwa maandishi, omba barua ya shule uende ofisi ya shamba kuuliza kama daftari za zamani zipo. Ukinyimwa, andika kwamba uliomba na tarehe uliyoomba. Maktaba ya mkoa uitembelee siku ya wiki, si Jumamosi mchana. Boma la zamani, pale shirika la Urithi walipoweka makumbusho, nenda ukaangalie picha, na uangalie hasa watu wasiotajwa majina chini ya picha. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kilianza miaka ya 1930 kwa ajili ya mkonge, nako si mbali. Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam. Kama una ndugu wa kukupokea wakati wa likizo, hilo ni jambo jema, lakini kwa kurasa 15 si lazima.

Wiki nane zigawe hivi. Ya kwanza ni ya swali tu, na swali alione mwalimu wako. Ya pili soma. Ya tatu na ya nne ni za mahojiano, ya tano ni ya kurudi kwa mashahidi na yale usiyoyaelewa, maana lazima yatakuwepo. Ya sita andika. Ya saba mpe mtu asome ambaye hajui chochote kuhusu mkonge. Ya nane usiipangie kazi kabisa: ni ya umeme kukatika na foleni ya kuchapisha.

Jambo la lugha umesahau kuliuliza, ila litakukuta. Bibi atasema Kiswahili, labda na Kiha ndani yake. Ripoti ya Historia unaandika kwa Kiingereza. Maneno yake muhimu yaache yalivyo: manamba, kipande, posho, nyapara. Yaeleze mara moja, kisha yatumie. Mwishoni weka kiambatisho chenye maneno yake kamili kwa lugha aliyoyasema. Ukimtafsiri ukamtupa, msomaji hana tena pa kukuhakiki.

Na hiyo akili mnemba. Kupanga ratiba inaweza kukusaidia, na kukuonyesha sentensi mbovu pia. Lakini programu hizi hutaja kitabu kisichokuwepo kwa sauti ileile zinayotajia kilichopo, na mwalimu akikiulizia kitabu hicho utaaibika wewe. Zaidi ya hilo, haimjui bibi yako. Haikupata kukaa barazani kwenu.

Bi Mwalimu, nafanya Vita vya Tanga vya 1914. Baba mdogo anasema Wajerumani walitega nyuki kwenye njia ya Waingereza. Mwalimu anasema si kweli. Kitabu kimoja kinasema nyuki walikuwepo lakini kwa bahati. Nimfuate nani?
*Kijana wa Chumbageni*

Usimfuate mtu, fuata ushahidi, na uanze na kisichobishaniwa. Meli za Waingereza zilifika tarehe 2 Novemba. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, na tarehe 5 walikuwa wakirudi melini. Jenerali wao, Aitken, alikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao wanajeshi kutoka India, walioteremka upande wa Raskazone. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Na nyuki walikuwepo kweli: risasi ziligonga mizinga iliyokuwa mitini, nyuki wakatoka, wakauma wa upande huu na wa upande ule. Mtego unaomuuma na mtegaji ni wa kutiliwa shaka.

Lakini usimdharau baba mdogo. Hadithi ya mtego ilivuma kwa Waingereza wenyewe baada ya kushindwa. Jiulize nani alinufaika nayo. Jeshi la watu 8,000 lililorudishwa na 1,000 lina mengi ya kueleza nyumbani, na hila ya nyuki ni maelezo mepesi kuliko mipango mibovu. Hiyo ndiyo kazi mradi yako: hadithi ya mtego ilitoka wapi, na kwa nini Tanga tunaisimulia mpaka leo? Hilo unaweza kulihoji mtaani kwenu.

Nikuonye kitu kimoja. Mzee akikwambia "babu yangu alisema mizinga iliwamaliza", muulize mizinga ipi, ya nyuki au ya kivita. Nimewahi kusahihisha kazi nzima iliyosimama juu ya neno hilo moja, na mwandishi hakuuliza.

Mwalimu, kwa heshima, mwanangu wa kidato cha sita ananiomba elfu thelathini ampe kijana wa duka la kuchapisha amwandikie kazi mradi. Anasema wenzake wote wanafanya hivyo. Mimi nauza machungwa, sijui Historia. Nimsaidieje?
*Mama, Muheza*

Mama, usitoe. Elfu tano mpe ya nauli na daftari, hiyo nyingine iingie kwenye biashara yako.

Umesema hujui Historia. Machungwa unayauza tangu lini? Aliyekufundisha ni nani? Kabla barabara haijawa hivi ilivyo, yalisafirishwaje, kwa reli? Hiyo reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika kwenu Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Moshi mwaka 1911. Mwanao akae na wewe na wauzaji watatu wazee kuliko wewe, awaulize soko la machungwa lilibadilikaje treni ilipopungua. Kijana wa duka la kuchapisha hataweza kuiandika hiyo hata ukimlipa laki.

Bi Mwalimu, kila kitabu ninachokipata juu ya vita vya Abushiri kimeandikwa na Mzungu. Nitaandikaje historia yetu kwa vyanzo vyao?
*Mwanafunzi, Pangani*

Vyote si vyao. Hemed bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa zama zilezile, alivitungia utenzi vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitwaa Mrima, pwani yetu hii, kwa Kiswahili. Utafute. Uusome kama unavyosoma ripoti ya afisa wa Kijerumani, yaani kwa kuuliza mtunzi anamsifu nani, anamlaumu nani, na alitaka nani amsikilize. Ushairi una vina vya kutimiza, na wakati mwingine neno limewekwa kwa ajili ya kina. Bado ni sauti ya Mrima.

Na usivitupe vya Wazungu. Vina tarehe na hesabu, hata pale visipokuwa na huruma. Lipo pia gazeti la *Kiongozi*, lililochapwa hapa Tanga kwenye shule ya serikali ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ni Kiswahili kitupu, na waandishi wake wengi walikuwa watu wetu, ila mwenye mtambo alikuwa mkoloni. Mambo yote mawili yaandike. Halafu wewe uko Pangani, mji ambao Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Usimalize kazi hii bila kuwauliza wazee wa mji ni wapi waliambiwa kwamba ilitokea. Wakikuonyesha sehemu mbili tofauti, chora ramani yenye zote mbili.

Shikamoo Bi. Nilikuandikia mwezi uliopita, ukaniambia nimhoji bibi. Nimekwenda. Amezungumza vizuri, lakini nilipotoa simu akajifunika ushungi akanyamaza. Sasa sina rekodi.
*Msichana wa Makorora*

Marahaba. Usirekodi. Rudi kesho bila simu, na mkate wa sinia kama uwezo upo. Mwambie utaandika kwa mkono mbele yake na hutaweka jina lake asipotaka. Ukimaliza ukurasa, msomee polepole kwa maneno yake mwenyewe, umuulize: "Ndivyo, bibi?" Atakusahihisha. Kwenye ripoti andika kwamba shahidi hakutaka kurekodiwa, kwamba uliandika mbele yake ukamsomea, na utaje aliposahihisha: alisema nini mwanzo, na alikibadilisha kuwa nini.